SUSHI YA MKONONI: HISTORIA YAKE NA YAPASAYO KUULIZWA NA MUISLAMU



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu wazazi na wanafunzi, kijana mmoja aliyesoma Qur'ani katika madrasa yetu hapa Bujumbura alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu nchini Japani. Siku moja alinipigia simu. Profesa wake alikuwa amewaalika wanafunzi wake kwenye mgahawa mdogo wa sushi ya mkononi, ambayo Wajapani huiita temaki. Wateja hukaa kwenye viti mbele ya kaunta, mpishi yuko upande wa pili, naye humkabidhi kila mmoja wali na samaki mbichi vilivyofungwa ndani ya mwani mkavu. Waislamu walikuwa wawili. Mwenzake alisema samaki ni halali, akala kila alichopewa. Yeye aliogopa, akanywa maji tu mpaka wakaondoka, na profesa akadhani amemkosea. Akaniuliza: "Ustadh, nani kati yetu alikuwa sawa?"

Nilimjibu haraka: "Umefanya vyema, achana na vyakula hivyo, ni haramu."

Nilipokata simu moyo haukutulia. Nilikuwa nimeharamisha chakula ambacho sikujua hata kinavyotengenezwa, ilhali Mwenyezi Mungu ametuonya katika Sura An-Nahl, aya ya 116, tusiseme ovyo kwa ndimi zetu kuwa hiki ni halali na hiki ni haramu. Na mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba hukumu ya kitu hufuata kukijua kwanza kitu chenyewe. Basi nikaanza kusoma historia ya chakula hiki. Haya ndiyo niliyoyapata.

Samaki waliovumbikwa katika wali

Sisi wa ufukwe wa Tanganyika tunajua tabu ya samaki: leo ni wengi, kesho wanaoza. Wazee wetu walianika ndagala juani. Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la mto Mekong, walikuwa na njia nyingine. Walimtia samaki chumvi, wakamvumbika ndani ya wali uliopikwa, wakaweka mzigo juu na kumwacha kwa miezi mingi. Wali ulichachuka, na ule uchachu ukamzuia samaki asioze. Wakati wa kula walimla samaki, na wali wakautupa.

Ufundi huu ulifika China na kisha Japani. Kitabu cha taratibu za serikali ya Japani kiitwacho Engishiki, kilichokamilishwa mwaka 927, kinataja sushi ya namna hiyo miongoni mwa vitu ambavyo majimbo yalitoa kama kodi. Mpaka leo karibu na ziwa Biwa watu wanatengeneza funazushi, samaki wa ziwani anayevumbikwa katika wali kwa njia hiyo ya kale. Kwa hiyo, ndugu zangu, sushi haikuanza kama samaki mbichi. Ilianza kama namna ya kuhifadhi samaki, kama ndagala wetu.

Edo na habari ya siki

Karne zilipopita, watu walichoka kungoja. Wakaanza kula mapema, wali ukiwa bado unaliwa pamoja na samaki. Kisha wakagundua kuwa wakitia siki kwenye wali wanapata ule uchachu siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Mwaka 1804, katika mji wa Handa, mtengenezaji pombe aliyeitwa Nakano Matazaemon alianza kutengeneza siki kutokana na machicha ya sake, yaani pombe ya mchele. Siki hiyo nyekundu ilikuwa rahisi kwa bei, ikasafirishwa kwa wingi hadi mji mkubwa wa Edo, ambao mwaka 1868 ulipewa jina la Tokyo. Katika miaka ya 1820 mpishi wa Edo anayetajwa sana, Hanaya Yohei (1799-1858), alikuwa akiuza wali wenye siki uliofinyangwa kwa mkono na kuwekewa kipande cha samaki juu. Edo ulikuwa mji wa watu wenye haraka. Mtu alisimama kwenye kibanda, akala kwa mkono, akaenda zake.

Basi sushi ya namna tunayoiona leo ilikua pamoja na siki iliyotoka katika pombe.

Mwani na mwanamke wa Manchester

Kitu cha tatu ni mwani. Wengi wetu tunaujua mwani wa Zanzibar, lakini huu ni wa aina nyingine, unaitwa nori. Watu wa Edo waliusaga, wakautandaza kwenye fremu na kuukausha, kama watengenezao karatasi. Tabu ilikuwa kwamba hakuna aliyejua mbegu yake inatoka wapi. Mwaka mmoja mavuno yalijaa, mwaka mwingine hakuna kitu, na wakulima wakaliita zao hilo jani la wacheza kamari.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na mwanasayansi Mwingereza, Kathleen Drew-Baker wa Chuo Kikuu cha Manchester. Mwaka 1949 alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mwani huu hupitisha sehemu ya maisha yake ndani ya magamba ya chaza na kombe. Wajapani waliichukua elimu hiyo, wakaanza kuotesha mbegu kwenye magamba. Bibi huyo alifariki mwaka 1957, na mwaka 1963 wakulima wa mwani walimjengea mnara wa kumbukumbu mjini Uto, ingawa hakuwahi kufika Japani. Wanafunzi wangu, angalieni elimu yenye manufaa inavyovuka bahari.

Kwa mwani huo ndipo temaki ikawezekana kuliwa kila mahali. Neno lenyewe lina sehemu mbili: te ni mkono, na maki ni kuviringisha. Mwani ukishika unyevu wa wali hulainika na kuwa mgumu kutafuna, ndiyo maana mpishi humpa mteja mkononi naye hula papo hapo. Brazil ina migahawa mingi ya temaki, na Los Angeles, Marekani, mwaka 2014 ulifunguliwa mgahawa wa KazuNori ambao kaunta yake ni ya temaki. Kijana wako anayesoma ng'ambo anaweza kualikwa mahali kama hapo wakati wowote.

Tuipime sasa

Tukirudi kwenye swali, tuanze na samaki. Sura Al-Maida, aya ya 96, imehalalisha kivuliwacho baharini na chakula chake, na Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali. Samaki hahitaji kuchinjwa, kwa hiyo haidhuru aliyemvua ni nani. Ubichi wake si haramu. Kuhusu kaa, kamba na pweza, madhehebu yetu ya Shafi yanaruhusu kamba na pweza, ama kaa kuna maelezo kwa sababu ya wale wanaoishi nchi kavu na majini. Ndugu zetu wa Hanafi hawali pweza wala kaa. Mwani ni mmea wa bahari, na wali ni wali. Ama temaki ya nyama ya ng'ombe au kuku, hiyo inarudi kwenye sharti la kuchinjwa.

Yanabaki majimaji, na hapa ndipo mwenzake alipoteleza.

Siki: Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo kizuri. Pombe iliyogeuka yenyewe kuwa siki ni halali kwa makubaliano ya wanavyuoni. Ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, Mashafi wanasema siki hiyo si tohara, na Mahanafi wanasema kugeuka kumeondoa hukumu ya ulevi. Anayefuata rai moja asimtukane mwenzake, na mwenye shaka amuulize shekhe wake.

Mirin na sake: Hizi hazijageuka. Mirin ni pombe tamu ya mchele yenye kilevi cha takriban asilimia 14, nayo hutiwa kwenye sosi za kupaka, kwenye mayai matamu, kwenye mkunga wa kuchoma, na wakati mwingine kwenye wali wenyewe. Vile vijiti vyeupe na vyekundu vinavyoitwa kaa mara nyingi ni samaki waliosagwa, na ndani yake mirin hupatikana pia. Kusema kuwa imepikwa hakutoshi, kwa sababu kupika hakuondoi kilevi chote, na kukitia makusudi ni jambo ambalo Muislamu hapaswi kuliridhia.

Meza yenyewe: Tumekatazwa kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Kaunta ni moja, na sake hupita mbele yako. Mwombe mwenyeji wako kwa adabu mwende pasipouzwa pombe, au muende mchana pamoja na wasiokunywa.

Afya: Samaki wa kuliwa mbichi mara nyingi hugandishwa kwanza ili minyoo ife. Marekani inaelekeza nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Tafadhalini, msijaribu nyumbani kwa samaki mbichi wa ziwani. Samaki wa maji baridi ana minyoo yake, na kujidhuru hakuruhusiwi.

Kwa hiyo maswali ni manne, yanaandikika kwenye kikaratasi: Wali umetiwa nini zaidi ya siki, sukari na chumvi? Sosi ina mirin au sake? Kuna nyama yoyote? Pombe inauzwa kwenye kaunta hii?

Nilimpigia simu yule kijana nikamwambia: "Mwanangu, nilikujibu bila elimu. Nisamehe." Akanyamaza kidogo, kisha akacheka akasema hajawahi kusikia ustadh akiomba msamaha. Nikamweleza niliyowaeleza ninyi. Akaenda kwa profesa na maswali yake manne, na yule mzee, ambaye muda wote alidhani chakula cha kwao kimedharauliwa, akaupigia simu mgahawa mwenyewe. Wali ulikuwa na siki, sukari na chumvi tu. Sosi ilikuwa na mirin. Wakaenda mchana, wao wawili. Kijana akasema Bismillah, akala temaki ya jodari na ya tango kwa mkono wa kulia, bila sosi. Yule mwenzake naye ameomba anakiliwe kile kikaratasi.

Wazazi, tukiwafundisha watoto kusema "haramu" kwa kila kigeni, watakaa na njaa na kuwaumiza majirani zao, au siku moja watachoka na kuacha kuuliza kabisa. Tuwafundishe kuuliza. Halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake mna yenye shaka ambayo watu wengi hawayajui. Hayo yanahitaji elimu, na mlango wa elimu ni swali.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atukinge na kusema tusiyoyajua. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.