Mpishi wa Lokitaung

Wengi wetu tulisimuliwa jinsi Rais Abraham Lincoln wa Marekani alivyozaliwa katika kibanda cha magogo. Habari za rais aliyefungwa hapa kwetu Turkana hazisimuliwi sana.

Jomo Kenyatta alihukumiwa Kapenguria mwezi wa Aprili 1953, miaka saba na kazi ngumu, naye akafungwa Lokitaung. Kwa kuwa umri wake ulikuwa mkubwa, alipewa kazi ya jikoni. Basi akawapikia wafungwa wenzake: Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Hata hivyo, magomvi yaliingia kati yao humo humo gerezani.

Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, asiruhusiwe kutoka. Ndipo mkewe, Mama Ngina, akaja kukaa naye. Machi 1961 wakubwa wa KANU na KADU walifunga safari kuja kumwona papa hapa, mahali ambapo mkoloni alimtupa ili asahauliwe.

Lakini jambo moja hunisumbua. Mwaka 1965, akiwa Rais, alimkemea Kaggia mbele ya umati huko Kandara. Kaggia alikuwa akiwatetea wasio na ardhi. Rais akamwuliza amejipatia nini, maana Ngei, Kubai na Karumba walikwisha kujipatia mali. Na wote, jamani, walikula sufuria moja!

Mwaka 1966 Kaggia alihamia chama cha KPU cha Oginga Odinga. Mwaka 1968 akafungwa tena, safari hii na serikali ya yule aliyempikia.