Enzi ya Kupiga Window

Nilianza ufundi wa kompyuta Kariakoo mwaka 2003, chini ya fundi aliyekuwa na dawa moja tu: kupiga window. Mashine ikiganda, futa kila kitu, weka Windows upya. Sisi sote tulifanya hivyo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na milango ilipofunguliwa hatukukuta wakongwe wengi wa kutufunda. Tulirithishana njia za mkato.

Mashine nyingi zilizotufikia zilikuwa mitumba, RAM yake, yaani kumbukumbu ya kazi, megabaiti 64 au 128. Windows XP, iliyotoka 2001, ilitaka 64 kwa uchache, na watengenezaji wenyewe walishauri 128. Mteja akifungua barua, picha na intaneti kwa pamoja, RAM inajaa. Hapo mfumo hukopa nafasi kwenye diski, mbinu iliyoanza, kwa ngoma ya sumaku badala ya diski, Manchester, Uingereza, kwenye kompyuta ya Atlas mwaka 1962. Ila diski ni nzito. Utaisikia ikikwaruza mfululizo, mshale ukisuasua, na nafasi ya kukopa ikiisha nayo, programu zinaanguka moja baada ya nyingine.

Mwalimu mmoja wa sekondari alituletea mashine ya namna hiyo. Tukapiga window. Siku ya nne akarudi nayo, imeganda vilevile.

"Mwanangu," akaniuliza, "na maswali yangu ya mitihani ya miaka minne yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliiwasha, na safari hii nikatazama ile skrini nyeusi ya mwanzo inapohesabu kumbukumbu. Ikaishia kilobaiti 65536, yaani megabaiti 64 tu. Nikafungua kasha: vipande vya RAM vilikuwa viwili, kila kimoja megabaiti 64. Kimoja meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa uchafu. Nikayasugua taratibu kwa raba ya penseli, nikakirudisha mpaka vishikio vikalia "ta!" Nikawasha: 131072. Mashine ikatulia. Mitihani haikurudi.

Jibu lilikuwa likiandikwa pale kila asubuhi alipowasha, nasi hatukulisoma. Mashine za leo nyingi huificha hesabu hiyo, kwa hiyo vijana ninaowafundisha nawaonyesha wapi pa kuitafuta. Kwenye meza yangu hakuna anayefuta kitu cha mtu kabla hajaniambia RAM ni kiasi gani, na nani anaila.