Sarafu za Pacatianus

Sarafu za Pacatianus ni sarafu za madini ya fedha, aina ya antoniniani, zilizotolewa kati ya mwaka 248 na 249 kwa jina la Tiberius Claudius Marinus Pacatianus. Jemadari huyo alitawazwa na askari wa mpaka wa mto Danube kumpinga Kaizari Filipo Mwarabu. Huaminika zilipigwa Viminacium, katika Serbia ya leo.

Upande wa mbele una kichwa cha Pacatianus chenye ndevu na taji la miale. Toleo linalosifika zaidi lina upande wa nyuma wenye maandishi ROMAE AETER AN MILL ET PRIMO, yaani “kwa Roma ya milele, mwaka wa elfu moja na moja”. Filipo alikuwa ametoka kusherehekea miaka 1000 ya Roma. Mpinzani wake akajitwalia mwaka uliofuata, na huo ni ujanja wa kisiasa uliobanwa kwenye kipande kidogo cha fedha. Ni nadra sarafu ya Kirumi kutaja umri wa mji.

Waandishi wa kale wanamgusia Pacatianus kwa ufupi tu, kwa jina la Marinus. Aliuawa na askari wake mwenyewe.