Kasha la Njumu

Makasha kama hili yaliletwa Zanzibar, Lamu na Mombasa na majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka magharibi ya India, hasa Surat na Bombay. Baadaye mafundi wa Pwani nao waliyatengeneza. Mbao zinazosifiwa zaidi ni za msaji, kwa kuwa mchwa hauusumbui sana, nao msaji haupindiki ovyo kwa unyevu wa bahari.

Angalia vibao vya shaba vilivyokatwa kwa nakshi na misumari iliyopangwa kwa safu. Pambo hilo, yaani njumu, lina kazi pia: linakaza maungio ya mbao. Ndani, ubavuni, mara nyingi mna kishubaka chenye kifuniko chake, na katika baadhi ya makasha chini yake hufichwa mtoto wa meza wa siri. Humo ziliwekwa hati na dhahabu. Nguo za bibi arusi zilikaa sehemu kubwa, zikiwa zimefukizwa udi, na kila kasha lilipofunguliwa chumba kizima kilinukia.

Leo makasha mengi yamehamia sebuleni, yakitumika kama meza au pa kuwekea mashuka. Ni vizuri yatumike. Lakini tunamwomba mwenye kasha asilipake vanishi nzito wala kusugua shaba kila wiki kwa ndimu, maana nakshi hulika. Kitambaa kikavu kinatosha. Bawaba na komeo la asili visitupwe hata vikilegea. Fundi mzuri atavikaza.