Laini Hii ni ya Nani?

Ujumbe uliingia saa mbili usiku, ukinitaka nimtumie shangazi shilingi 50,000, atazirudisha kesho jioni. Picha ilikuwa yake, namba ilikuwa yake. Kilichonishtua ni kwamba haukuwa na salamu. Shangazi yangu wa Bungu hajui kuanza na shida. Ataniuliza nimeshindaje, nimekula nini, masomo yanaendaje, huko mjini kumenyesha au bado, na shida yenyewe ataitaja wakati tunaagana. Nikampigia simu ya kawaida. Alikuwa anakuna nazi, hana habari. Kufikia hapo wanawake wanne wa kikundi chake cha vikoba walikuwa wameshatuma hela. Yeye ndiye mweka hazina wao.

Walichomfanyia huchukua dakika mbili. Mtu anaweka WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yako. WhatsApp inatuma tarakimu sita kwa meseji ili ihakikishe namba ni yako, na meseji hiyo inakuja kwako, siyo kwake. Basi anakupigia. Sauti laini, lugha ya heshima: mama, tunaboresha huduma, kuna tarakimu sita zimeingia hapo, nisomee kabla laini haijafungwa. Shangazi alivaa miwani akasoma. Alisoma taratibu, na moja alirudia, ili yule kijana asikosee.

Jumamosi nikapanda gari Mbagala Rangi Tatu, nikashuka Bungu. "Nifungulie nyingine," akaniambia hata sijanywa maji, "ila safari hii ifungwe sawasawa." Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Nikapiga *106# kwenye simu yake kuangalia usajili wa laini, na jina lililotokea halikuwa lake. Lilikuwa la binamu yangu aliyehamia Songea, ambaye hata hakumbuki kama aliwahi kuweka kidole kwa ajili ya laini hiyo.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, na mtu wa historia ukimuuliza saa anaanzia kuumbwa kwa jua. Mnisamehe, lakini nilipoliona lile jina sikuweza kuendelea kubofya mpaka nijieleze tumefikaje hapa.

Neno la siri la kompyuta lina umri wa mama yangu mkubwa. Mwaka 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu za haraka haraka. Kila mtu alipewa faili zake na mgao wake wa muda, na neno la siri likawekwa ili mmoja asiingie kwenye fungu la mwenzake. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, aliona muda wake haumtoshi. Akaiagiza mashine ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watu wote, ikachapisha, akaanza kutumia saa za wengine. Yaani kufuli hilo halikumaliza hata miaka miwili kabla ya kufunguliwa, na aliyelifungua alikuwa mwenzao wa ndani. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha lile neno lilibuniwa kulinda nini: saa za mashine. Kumtambulisha mtu kwa wanawake 25 wanaomtunzia na kumwachia akiba zao hakukuwemo katika hesabu.

Kwetu mambo yalikuja kwa pamoja mwaka 2009. Juni, Facebook ilitoa toleo la Kiswahili. Julai, mkondo wa baharini wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano ikaanza kusajili laini za simu, ambazo hadi wakati huo ziliuzwa kama karanga. M-Pesa ilikuwa na mwaka mmoja tu. Desemba hiyohiyo kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32 iliyokuwa imeyahifadhi wazi wazi, na lililoongoza kwa kutumiwa na wengi lilikuwa 123456. Ulimwengu ulikuwa unajifunza kwamba neno la siri limechoka, wakati sisi ndiyo kwanza tunafungua akaunti. Dawa iliyopatikana ikawa namba ya simu: tukikutumia tarakimu na ukazisoma, basi ni wewe.

Dawa hiyo ina sharti lisilosemwa, kwamba namba moja ni mtu mmoja. Bungu haikuwa hivyo. Shangazi ananisimulia kwamba barua zao zamani zilipitia sanduku la posta la shule. Mwalimu alizileta, akamwita mtoto, mtoto akapeleka nyumbani, na aliyejua kusoma akasoma mbele ya wote. Simu ilirithi njia hiyohiyo. Ilikuwa moja katika nyumba, ikiazimwa, laini ikichomolewa na kuchomekwa. Anayekwenda mjini alisajili laini tatu kwa kitambulisho chake akagawa, na huo ulikuwa wema. Tena laini iliyokaa miezi mitatu bila kutumika hufungwa, na namba yake huweza kuuzwa kwa mwingine, pamoja na kila akaunti iliyofungwa kwa namba hiyo. Nina rafiki ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akipokea salamu za ndoa ya mtu asiyemjua.

Kumtambua mtu kulikuwa kazi ya mtu. Tangu enzi za TANU kulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Ukitaka lolote serikalini ulianza kwake, kisha mwenyekiti, kisha mtendaji na muhuri wake. Hapo ndipo historia ya wilaya yetu inapouma. Mwaka 2016 na 2017, Kibiti, Mkuranga na Rufiji ziliingia katika mauaji yaliyowaondoa makumi ya watu, na waliolengwa zaidi, ukiacha askari, walikuwa haohao: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, watu wa muhuri. Aprili 13, 2017, askari wanane waliuawa kwa pamoja upande wa Jaribu Mpakani, kwenye barabara hii ya Kilwa inayopita Bungu. Pikipiki zikazuiwa kutembea usiku. Novemba 21 mwaka huo Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiandikia Mwananchi habari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti, na mpaka leo hajaonekana.

Nilikuwa sekondari. Ninachokumbuka ni ukimya wa simu. Shangazi alikuwa na Facebook yenye picha za harusi, za shamba, za yeye na mwenyekiti siku ya kufungua kisima. Alizifuta zote usiku mmoja, akafuta na majina kwenye kitabu cha simu, yale ambayo hakutaka kuulizwa amejuana nayo vipi. Hakuna aliyemtisha. Alisema tu kwamba simu inajua mno. Nilimcheka kimoyomoyo, kama mtoto anavyomcheka mkubwa anayeogopa mashine.

Kisha ukaja usajili wa alama za vidole, ulioanza Mei 2019. Mwisho ulikuwa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza siku 20 hadi Januari 20, 2020. Ili usajili ulihitaji namba ya NIDA, na ili uipate NIDA ulihitaji fomu yenye muhuri wa mtendaji, na foleni ilikuwa ndefu. Laini ya shangazi ingezimwa. Binamu alikuwa nayo NIDA, akaweka kidole chake. Hivi ndivyo mwanamke mwenye miaka 58 alivyokaa miaka na namba ambayo kisheria ni ya kijana wa Songea. Alipoibiwa akaunti alikwenda kwenye duka la huduma, akaambiwa aje mwenye laini.

Kwa hiyo hatukuanza na akaunti. Tulianza na laini. Yeye sasa anayo namba ya NIDA; tukaenda kwa wakala wa barabarani, akaweka kidole. Wakala akasema haijasoma, weka tena. Nikamwomba atuonyeshe kioo kwanza, maana hicho kidole cha pili ndicho kinachosajili laini ya pili ambayo hutaiona mpaka polisi wakuulize habari zake. Safari hii mtandao kweli ulikuwa umekwama, na kijana wa watu akaona haya bila kosa. Tulipotoka nikapiga tena *106#: laini moja, jina moja, la shangazi.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Kwenye WhatsApp tuliwasha uthibitishaji wa hatua mbili, ambao umekuwepo tangu 2017: namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, ili hata anayezipata zile za meseji agonge ukuta. Nikamkataza mwaka wa kuzaliwa. Tukaweka na barua pepe ya kurudishia akaunti, yake mwenyewe, isiyo yangu, ingawa ilikuwa rahisi kuweka yangu. Kesho mimi ndiye binamu wa Songea. Kwa barua pepe hiyo alitunga neno la siri la maneno manne yasiyohusiana. Najua mawili ni ya Kindengereko, kwa sababu alicheka mwenyewe akiyaandika. Nilikuwa nimegeuka nikitazama mkorosho.

Tulibishana juu ya daftari. Ushauri wa miaka mingi ni kwamba usiandike neno la siri popote. Nadhani ushauri huo ulitolewa na watu wa ofisini, ambako mwizi ni wa meza ya jirani. Mwizi wa shangazi hajawahi kukanyaga Bungu. Daftari liko sandukuni pamoja na hati za shamba, na mwenye ufunguo ni mmoja.

Programu ilipoomba ruhusa ya kuchukua majina yote ya simu, kidole chake kilisimama. "Ikiyachukua, inayapeleka wapi?" Nikamweleza kuwa yanakwenda kwa kampuni, ili imtafutie watu anaofahamiana nao. Akabofya kukataa, bila kunitazama. Namba za wanakikundi tukaziandika moja moja. Picha yake akakataa pia, akaweka ya kanga. Safari hii sikucheka.

Nilimsimulia, ili asijione mjinga, kwamba Julai 2020 akaunti za Barack Obama, Joe Biden na Elon Musk kwenye Twitter ziliingiliwa zikaomba hela, na aliyeongoza njama hiyo alikuwa kijana wa miaka 17 wa Florida. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa wafanyakazi wake walipigiwa simu wakalaghaiwa. Na Mei 2025 akaunti rasmi ya Jeshi la Polisi letu kwenye X ilidukuliwa ikarusha mambo yasiyosemeka mbele ya shangazi. Akafikiri kidogo. "Na wao walisoma tarakimu sita?" Nikamwambia sikuwepo.

Lililomsumbua halikuwa kufuli. Lilikuwa wale wanne. Alikuwa amewalipa kutoka mfukoni, hela ya palizi ya mikorosho, ingawa katiba ya kikundi haikumdai. Sasa namba mpya ikiwatumia ujumbe, picha ni kanga tu, watajuaje ni yeye? Sikuwa na jibu la kwenye simu. Yeye alikuwa nalo.

Jumapili kikao kilikaa chini ya mwembe. Mwenyekiti alimsimamisha, akaeleza yaliyotokea bila kuficha, akasoma namba mpya kwa sauti mara mbili, kila mmoja akaiandika. Kisha akasema mwenye shaka apige hapohapo. Wa kwanza akapiga, simu ikaita kwenye mapaja ya shangazi, akapokea akiwa ameketi hatua tatu kutoka kwake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo nyumbani?" Wengine wakacheka, nao wakatoa simu zao. Alizipokea zote, 24, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimuuliza habari za nyumbani.