Mmiliki Manufaa

Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilipoirekebisha Sheria ya Makampuni ya Tanzania, kampuni inalazimika kumjulisha Msajili, aliyeko BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, ni nani mmiliki manufaa wake. Na kwa kuwa istilahi hii ingali ngeni masikioni mwa wengi, huenda mkurugenzi akaandika jina la kampuni nyingine yenye hisa katika kampuni yake, akadhani amekwisha kutimiza faradhi. Hajatimiza. Sheria yamtaka binadamu, yule ambaye mwishowe faida humrudia au amri hutoka kwake, hata ikiwa baina yake na duka la Kariakoo pamepangwa makampuni matatu yaliyosajiliwa ng'ambo.

Watu wa pwani hawana sababu ya kuustaajabia mgawanyo huu. Katika fikihi, milki ya mali yenyewe ni jambo moja, na milki ya manufaa yake ni jambo jingine. Na katika wakfu, shamba la minazi haliuzwi wala halirithiwi, bali husimamiwa na mutawalli, na mapato yake huwaendea wale waliotajwa na mwenye kuliweka wakfu. Kwa hiyo neno manufaa limechaguliwa kwa busara, maana limebeba elimu ambayo wazee wetu waliitumia dahari nyingi. Tofauti ni kwamba mwenye wakfu huwataja wanufaika wake hadharani, ilhali kampuni ya hila huundwa ili wasijulikane, kama zilivyodhihirisha nyaraka zilizovuja za Panama mwaka 2016. Ndiyo sababu mataifa yanayopiga vita utakasishaji wa fedha haramu yamelishikilia sana jambo hili. Tanzania ilitiwa katika orodha yao ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025.

Hata hivyo istilahi ina upungufu mmoja, nao si mdogo. Kwa mfano, kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu jambo hilihili humhesabu kuwa mmiliki manufaa mwenye asilimia 10 ya hisa au ya kura, na kadhalika yule awezaye kumteua au kumwondoa mkurugenzi, au mwenye nguvu kubwa juu ya kampuni, ijapokuwa hana hisa hata moja. Neno manufaa humwonyesha mlaji. Mwenye amri halimwonyeshi. Basi wewe ujazaye fomu, usitosheke kuuliza nani hupokea gawio: uliza pia ni nani ambaye neno lake halipingwi, nawe umwandike.