Kuchagua Kiunganishi cha Taji na Kipandikizi cha Jino

Kati ya kipandikizi cha titani kilichozama kwenye mfupa wa taya na taji linaloonekana kinywani hukaa kiunganishi, kipande kidogo kinachopenya ufizi. Tangu Per-Ingvar Brånemark wa Gothenburg, Uswidi, alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani mwaka 1965, kushikamana kwa mfupa na metali hiyo kumechunguzwa sana. Kiunganishi nacho kinastahili uangalifu uleule, kwa kuwa matatizo mengi ya baadaye huanzia hapo.

La kwanza kuamuliwa ni taji litashikwa kwa skrubu au kwa saruji. Saruji huvutia: taji halina tundu, na kazi yenyewe inafanana na ile ya jino la kawaida. Hatari yake imo chini ya ufizi. Kwenye jino la asili, nyuzi za ufizi zimejishika kwenye mzizi. Kwenye kipandikizi nyingi hukizunguka tu bila kujishika. Taji linapobanwa, saruji inayofurika hupenya kwa urahisi hadi karibu na mfupa, na baadhi ya aina zake hazionekani vizuri kwenye eksirei. Thomas Wilson, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alichungulia chini ya ufizi kwa kamera ndogo na kukuta mabaki ya saruji kwenye asilimia 81 ya vipandikizi vyenye dalili za ugonjwa. Yalipoondolewa, sehemu kubwa ya vipandikizi hivyo vilipona.

Kwa hiyo skrubu ndiyo ipewe nafasi ya kwanza. Tundu lake huzibwa kwa utepe wa tefloni na resini, na skrubu ikilegea au kauri ikimeguka, taji hufunguliwa, hutengenezwa na kurudishwa. Pale ambapo nafasi kati ya taya la juu na la chini ni finyu, skrubu hufaa zaidi, kwa sababu kiunganishi kifupi hakiishiki saruji sawasawa.

Kikwazo kikubwa ni mwelekeo wa kipandikizi. Meno ya mbele ya juu hufuata mfupa unaoinamia nje, hivyo tundu la skrubu huweza kutokea upande wa mdomo, mahali panapoonekana. Viko viunganishi ambavyo njia yake ya skrubu imepindishwa hadi nyuzi 25 hivi. Kipandikizi kikiinama zaidi ya hapo, saruji hutumika, lakini kwa kiunganishi kilichochongwa kwa kompyuta kwa ajili ya mgonjwa huyo. Kile cha dukani kina ukingo ulio sawa pande zote, ilhali ufizi hupanda katikati ya meno. Ukingo uliofichwa milimita moja upande wa mbele huishia kina kirefu pembeni, pasipofikiwa na kifaa cha kusafishia.

Kuhusu malighafi, titani hubaki imara zaidi, hasa kwenye magego. Zirikonia nyeupe hufaa penye ufizi mwembamba, ambapo weusi wa titani ungepenya. Hata hivyo, zirikonia ikigusana moja kwa moja na kipandikizi hukichakaza kwa ndani; ni salama zaidi iunganishwe juu ya kitako cha titani.

Kiunganishi na skrubu vilingane na mfumo wa kipandikizi, na skrubu ikazwe kwa spana ya kipimo kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Chapa na kipenyo viandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, ili daktari atakayelifungua taji miaka kadhaa baadaye ajue bisibisi ipi inahitajika.